Gari la Bwana Seif na Eda ya Shangazi Zuhura

Siku ya kuniaga, vijana wa idara waliniomba niseme maneno mawili matatu juu ya kazi. Nikasimama, nikazungumza robo saa nzima juu ya gari langu. Wakacheka kwa adabu, wakidhani mzee ameanza kupotea. Mzee bado sijawa, lakini mtu akishapewa saa ya ukutani na kanzu mbele ya keki hana tena haki ya kubishana juu ya umri wake. Kwa hiyo naandika hapa yale niliyotaka kuyasema, kwa ajili ya wale watakaorithi meza yangu, timazi yangu ya kupimia kuta na kile kiti kinachocheza mguu mmoja. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara mnaujua.

Niliingia idara ya ukaguzi wa majumba mwaka 1985, nikiwa na shahada ya uhandisi kutoka chuo kikuu cha bara. Nilikuwa nimeandika tasnifu juu ya madaraja marefu ya zege. Unguja haina mto wa kuhitaji daraja refu, na nyumba za Mji Mkongwe hazina zege. Zina mawe ya matumbawe, udongo, chokaa na boriti za mikoko. Mkuu wangu wa kwanza, Bwana Pandu, alikuwa mtu wa Makunduchi, mhandisi kama mimi, mwenye sauti kubwa ya kuitana na mtu aliye konde ya pili. Aliisoma shahada yangu mbele na nyuma, akanirudishia.

"Nzuri. Ina muhuri. Yangu ililiwa na mchwa," akasema. "Twende tukaone ukuta."

Tulikwenda Malindi, kwenye nyumba ya ghorofa tatu iliyokuwa na ufa kutoka dirishani hadi sakafuni. Nikamweleza ufa ule umetokana na nini. Nilieleza vizuri sana, na nguvu zote nikazitaja kwa majina yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Unatembea au umelala?"

"Nani?"

"Ufa."

Sikujua. Hata yeye hakujua, na ndiyo maana aliuliza. Alitoa mfukoni kipande chembamba cha kioo, akakilaza kukatisha ufa, akakishika kwa plasta pande zote mbili, na pembeni akaandika tarehe kwa penseli. Kioo hicho tunakiita shahidi. Ukuta ukisogea kidogo tu, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, kioo hupasuka. Ukikikuta kizima baada ya masika mawili, ufa umelala, na unaweza kuuziba ukaenda zako. Ukikikuta kimepasuka, tafuta pa kuwapeleka watu.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni kupanda ngazi. Naongeza jambo moja ambalo bado mnalikosea: msizibe ukuta wa chokaa kwa saruji. Ukuta wa chokaa unavuta maji na kuyatoa. Ukiuvisha saruji, maji yanabaki ndani, na siku moja saruji yako inabaki imesimama peke yake kama ganda la yai.

Idara ilikuwa na gari. Lilikaa juu ya mawe manne nyuma ya stoo tangu kabla sijaajiriwa. Kila mwaka lilitengewa mafuta, na kila mwaka mafuta yalikwisha. Sisi wakaguzi tulitembea kwa miguu, jambo ambalo katika Mji Mkongwe halina taabu. Taabu ilikuja tulipowaambia watu wahame. Familia inayotoka kwenye nyumba ya kuanguka ina vitanda, makabati, masufuria ya biriani, mashine ya kushonea, na bibi asiyeweza kutembea. Mtu unamwambia atoke leo, halafu unampa mkono wa kwaheri.

Hapo ndipo lilipoingia gari la Bwana Seif.

Bwana Seif alikuwa mume wa shangazi yangu Zuhura, dada yake baba. Hao wawili ndio walionilea. Wenyewe hawakujaaliwa mtoto. Mwishoni mwa miaka ya themanini, biashara ilipofunguliwa na meli zikawa zinashusha kila kitu kutoka Dubai, ndugu yake aliyekuwa huko alimletea gari. Lilikuwa basi dogo la familia, rangi ya maziwa, viti vinane, limeshatumika miaka kadhaa huko jangwani. Macho ya Bwana Seif yalikuwa yameshaingia ukungu, hawezi kuendesha. Akaliandikisha kwa jina langu.

"Weye endesha," akaniambia. "Miye nitalitunza."

Magari ya Dubai usukani wake uko kushoto, maana kule wanaendesha kulia. Siye tunaendesha kushoto. Usukani mtu huuzoea. Kilichokuwa hakizoeleki ni mlango wa abiria, ule wa kusukuma, ambao ulikuwa kulia. Kwetu ulifungukia katikati ya barabara, na kila aliyeshuka alishukia mbele ya magari. Tukaweka utaratibu. Gari likisimama, hakuna kugusa mlango mpaka mimi nishuke, nizunguke, nisimame njiani na mikono nimeitandaza, nizuie baiskeli na magari ya ng'ombe, ndipo shangazi, na mke wangu Salha, na watoto, washuke nyuma yangu mmoja mmoja. Nilisomeshwa miaka mingi, na kazi niliyoifanya kwa ufanisi kuliko zote ni hiyo ya kuwa kizuizi cha barabarani.

Bwana Seif alilitunza kweli. Kila tukirudi kutoka Chwaka, huko pwani ambako tulikuwa na jamaa, aliketi juu ya kibao kando ya gari, na kofia yake ya vito, ya kushonwa kwa mkono, akaniamrisha kuosha uvungu kwa maji matamu.

"Chini. Juu hata mvua itaosha. Chumvi iko chini."

Reli ya mlango ilipakwa grisi kila mwezi. Mipira ya milango ilipanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, jambo ambalo fundi wetu Tomasi wa Kikwajuni alilicheka hadharani kisha akaanza kulifanya kwa magari ya wateja wengine. Samaki hawakuruhusiwa ndani. Mtu akitoka Chwaka na fungu la changu, fungu lilifungwa juu ya paa na mtu alionywa asirudie.

Nyumba aliyokaa Bwana Seif, huko Mkunazini, ilikuwa inakufa. Ilikuwa ya babu yake na haijapata kugawanywa. Warithi walikuwa Maskati, Dubai, Mombasa, na wengine haijulikani kama wahai. Alipotaka kutengeneza dari aliwaandikia wote. Wawili wakakubali, mmoja akataka iuzwe, waliobaki hawakujibu. Dari ikaendelea kuvuja. Msidhani ni nyumba moja hiyo. Ukiondoa chumvi na mvua, karibu kila nyumba niliyoifunga katika maisha yangu ilikufa kwa ugonjwa huo. Siku moja nikiwa nimelala chini ya gari na maji yananitiririkia kwenye shingo, nilimuuliza kwa nini analishughulikia gari hivi.

"Hili lina mwenyewe mmoja," akasema. "Nikisema lioshwe, linaoshwa."

Basi gari hilo ndilo lililohamisha watu. Nilimwomba ruhusa mara ya kwanza kwa ajili ya familia moja ya Kiponda, akanikubalia kwa sharti kwamba viti vya nyuma vitandikwe shuka. Baada ya hapo hakungoja kuombwa. Akisikia nyumba imetiwa alama ya kuhamwa, shuka zilikuwa zimeshatandikwa. Lile basi dogo jeupe mnaloliona likienda Michenzani, Jang'ombe na Amani na magodoro juu ya paa, kwenye zile picha za zamani za idara, ndilo hilo.

Bwana Seif alifariki katikati ya miaka ya tisini, wiki chache kabla ya masika, kitandani kwake, katika chumba cha juu cha nyumba ile. Shangazi Zuhura akaingia eda.

Mashahidi nilikuwa nimewabandika mwenyewe katika chumba kile, mwaka uliotangulia. Vioo vitatu, ukuta wa upande wa uchochoroni. Siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa bado wamejaa, niliinua pazia nikaviangalia. Viwili vilikuwa vimepasuka. Cha tatu hakikuwepo, kilikuwa kimeangukia nyuma ya kabati.

Nilingoja khitima ipite, kisha nikamwambia shangazi. Mimi ni mtoto wa kaka yake, naruhusiwa kuingia. Nilimkuta ameketi juu ya busati, nguo nyeupe, mikono bila bangili, na shoga yake Bi Mwanaidi, jirani wa tangu utotoni, ambaye alikuwa akilala naye pamoja na mjukuu wake wa kike.

"Shangazi, nyumba hii haitavuka masika."

"Inshallah itavuka."

"Ukuta unatembea."

"Miye ndiye niliyekatazwa kutembea," akasema. "Miezi minne na siku kumi. Ukuta ukitaka kwenda, uende."

Bi Mwanaidi alicheka, halafu akajuta. Shangazi hakucheka. Alinieleza polepole, kama alivyokuwa akinieleza udhu nilipokuwa mdogo. Ameishi na mtu yule tangu ana miaka kumi na sita. Mtoto hakumpa. Mali hakuwa nayo ya kumpa. Jambo la mwisho ambalo mke anaweza kumfanyia mumewe ni kumkalia eda yake ndani ya nyumba yake mpaka ishe, na hilo ataliweza, kwa sababu halihitaji kitu ila kukaa.

Nikamwendea sheikh wa msikiti wetu. Akasema penye hofu ya nafsi mwenye eda anaweza kuhama, amalizie pengine, eda yake ni sahihi. Nikarudi na habari hiyo mbio kama mtu aliyeshinda kesi. Shangazi akasema, "Sheikh ni mtu mwema. Lakini si yeye aliyefiwa."

Mvua za kwanza zikanyesha. Nilikuwa nimeshafunga nyumba nyingi za watu, wengine kwa polisi, na mjini kote ikawa inajulikana kwamba ile ya shangazi yake Injinia, ndivyo walivyoniita, imetiwa alama na ndani kuna mtu. Pale kwenye baraza la kahawa wakaanza kunipokea kwa swali: "Injinia, sheria ya kuhama inaishia wapi, mlangoni kwenu?" Kila wingu likijikusanya nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyumba ile, kana kwamba ukuta ukianguka ningeudaka.

Mwishowe Bwana Pandu akaja mwenyewe. Yeye si maharimu, hawezi kumwona. Pazia likashushwa mlangoni pa chumba. Yeye akasimama ukumbini, mimi katikati, nusu huku nusu kule.

"Hodi, Bi Zuhura."

"Karibu. Usipige kelele, Bwana Pandu, wasema ukuta mbovu."

"Naam. Nimekuja kwa huo."

"Nshaambiwa na mwanangu, nshaambiwa na sheikh. Weye una jipya?"

Nilimwona Bwana Pandu anaitafuta sauti ndogo, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho.

"Sina jipya juu yako," akasema. "Weye ni mtu mzima, na ukisema utakaa, utakaa. Nimekuja kuuliza juu ya hao wanaolala nawe. Bi Mwanaidi na yule mtoto wa kike. Wao hawakufiwa na mume. Wao wanakaa eda ya nani?"

Ndani ya pazia nikamsikia shangazi, si kwa sauti ile ya kumjibu mkuu wa idara.

"Mwanaidi. Unaogopa?"

"Tangu siku ile ya kwanza."

"Mbona husemi?"

"Nikimwonea haya marehemu."

Shangazi aliniita, akaniambia nikalete gari.

Gari haliingii uchochoroni. Kutoka mlango wa nyumba hadi barabara kuu ni mwendo mfupi tu, lakini ni njia ya watu, na mwenye eda hatoki mbele za watu. Wanawake wa mtaa wakalimaliza jambo lile bila kuniuliza. Walitoka na shuka na makanga, wakasimama safu mbili tangu kizingiti hadi barabarani, wakazinyanyua nguo juu ya vichwa vyao, ikawa njia ya vitambaa ndani ya njia ya mawe. Barabara ile ni ya kwenda upande mmoja, na uchochoro unatokea kulia. Nilipoegesha, mlango wa kusukuma ukaelekea uchochoro sawasawa. Ndiyo mara ya kwanza kuuona mlango ule uko upande wake. Niliufungua, nikageuza uso wangu ukutani pamoja na wanaume wengine. Nilisikia ndala zake, nilimsikia akipanda, nikasikia kiti. Alichukua mswala tu.

Kwetu kulikuwa Michenzani, ghorofa ya nne. Salha alimpa chumba chetu. Akamalizia humo miezi iliyobaki, dirisha limefungwa, hamwoni mtu wa nje. Siku ya kutoka alioshwa, akavishwa nguo mpya, akafukizwa udi, jamaa wakaja na vyakula. Alifanya yote aliyoambiwa. Wageni walipoondoka alimwambia Salha, "Mmefanya vizuri. Lakini hii siyo."

Nyumba haikuanguka.

Hilo hamtafundishwa chuoni. Masika yakapita, vuli ikapita, mwaka ukapita, na nyumba ya Bwana Seif ikabaki imesimama na tumbo lake limetoka uchochoroni, misumari ya idara mlangoni. Niliweka mashahidi wapya, wakapasuka. Nikaweka wengine, wakapasuka. Ukuta ulikuwa unakwenda, lakini kwa mwendo wake. Kwenye baraza la kahawa wakawa wananiletea salamu zake. "Injinia, nyumba inakuuliza hali." Kazini hakuna aliyenicheka waziwazi, ila kila tulipotia alama nyumba mpya, mwenye nyumba alinyoosha kidole upande wa Mkunazini akauliza ile imeanguka lini.

Shangazi hakunicheka kamwe. Aliomba jambo moja tu, kwamba kila Ijumaa alasiri nimpeleke. Ngazi za ghorofa nne alishuka kwa kupumzika kila kituo. Niliegesha pale pale penye mdomo wa uchochoro, nikafungua mlango wa kusukuma, naye akakaa ndani ya gari, kiti cha nyuma, akiitazama nyumba. Hakushuka. Kwa nini hakushuka sikumuuliza mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili ikawa nimechelewa kuuliza.

Bi Mwanaidi alikuwa wa kwanza kuja kukaa naye. Kisha wakaja wengine. Viti vinane vilijaa wanawake wa mtaa, wengine na kazi zao za kushona kofia, birika la kahawa likisimama sakafuni juu ya gazeti. Mimi nilisimama nje, kwa mazoea, nikizuia magari ambayo hayakuwa upande ule.

"Injinia naye aingie," alisema mmoja wao siku moja.

"Mwacheni," akasema Bi Mwanaidi. "Akiingia atakwambia na gari lina ufa."

Ikifika magharibi, shangazi aliitazama nyumba mara moja zaidi. "Bado imesimama," alisema, bila lawama yoyote, kama mtu anayetaja saa. Kisha tukarudi. Salha alinishauri nimpe mtu mwingine kazi hiyo, kwa sababu nilikuwa nikirudi silali. Ukweli ni kwamba sikujua niombe dua ipi. Ikianguka, amekosa nyumba. Ikisimama, nilimtoa bure. Sijui mhandisi mwingine aliyesimama kando ya gari lake akiwa na dua mbili za kupingana, lakini lazima wapo, hatuambizani tu.

Gari nikalitunza kama alivyolitunza mwenyewe. Uvungu kwa maji matamu, grisi kwenye reli, mafuta ya nazi kwenye mipira. Miaka ya elfu mbili magari mapya yakaingia kwa wingi kutoka Japani, usukani kulia, milango upande wa watu, baridi ndani. Kila mtu akaniambia niuze. Vipuri vya langu vilikuwa vinatafutwa Dubai kwa kubembeleza.

"Injinia," aliniambia fundi Tomasi, kichwa chake kikiwa ndani ya mashine, "wenzake wote wa gari hili sasa wanafugiwa kuku."

"Limeharibika nini?"

"Hakuna. Ndiyo nnakwambia. Linanitia aibu, sina la kukutoza."

Sikuliuza, kwa sababu shangazi asingekaa ndani ya jingine. Kiti kile cha nyuma kilikuwa kiti cha mwisho alichobakia nacho Mkunazini.

Nyumba ilianguka katika masika ya mwaka mmoja wa elfu mbili na kitu, Ijumaa alasiri, wakati wa mvua kubwa. Sote tulikuwa tumezuiwa na mvua, hatukwenda. Nilipigiwa simu ofisini. Nilipofika, uchochoro ulikuwa umejaa mawe na boriti mpaka usawa wa madirisha, na vumbi la chokaa limegeuka uji mweupe unaotiririka barabarani. Hakuna aliyeumia. Nyumba za karibu tulikuwa tumezihamisha mwaka uliopita, kwa mara ya kwanza bila ubishi mkubwa. Vijana wa idara wakanipa mikono. Mmoja akasema, "Ulisema, mkuu." Bwana Pandu, aliyekuwa ameshastaafu, alikuja na mwavuli akasimama karibu yangu, akaangalia, hakunipa mkono.

"Nenda kamwambie," akasema. "Asiambiwe na mtu wa kahawa."

Nilimkuta shangazi anachambua mchele ukumbini pamoja na Salha. Nikamwambia. Akaweka ungo chini.

"Kuna mtu?"

"Hakuna mtu."

"Alhamdulillahi." Akangoja. "Chumba chake?"

"Chote."

Akanyanyua mikono akavua vipuli, kimoja kimoja, akaviweka juu ya mchele. Akavua bangili. Akamwomba Salha amtafutie nguo nyeupe.

"Shangazi," alisema Salha, "eda ulishatoka. Miaka sasa."

"Nilitoka nyumbani," akasema. "Eda sikutoka. Niliiacha kule chumbani, nikawa naiangalia kila Ijumaa. Sasa imenifuata."

Nilimwita sheikh yule yule, ambaye naye alikuwa ameshazeeka. Alikaa na shangazi muda mrefu, mlango wazi, wakizungumza kwa sauti ya chini. Alipotoka aliomba kahawa, akainywa yote, akaomba nyingine.

"Kwenye vitabu haimo," akaniambia.

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Mwache akae."

Akakaa miezi minne na siku kumi, katika chumba kile kile cha ghorofa ya nne, dirisha limefungwa. Hakupaka wanja, hakujifukiza, hakutoka hata ukumbini wakiwepo wageni. Bi Mwanaidi alikuja kulala naye, akipanda ngazi zile kwa kulalamika kituo baada ya kituo, akifika juu akinyamaza. Usiku niliwasikia wakizungumza habari za Bwana Seif, na mara nyingine wakicheka. Alimlilia mumewe kilio ambacho, nadhani, mara ya kwanza alikikatiza ili apande gari. Mimi nilikuwa nikishuka kila Ijumaa alasiri, nikiwasha gari kidogo pale chini ili betri isife, kisha nikipanda tena.

Siku ilipotimia, hatukualika watu. Salha na Bi Mwanaidi walimwosha, wakamvisha gauni la kijani, wakamfukiza udi. Alishuka ngazi peke yake, mkono mmoja ukutani. Nilikuwa nimeliosha gari tangu asubuhi, juu na chini. Akapanda, akakaa kiti chake, tukaenda Mkunazini bila kuulizana.

Mawe yalikuwa yameshaondolewa. Pale palipokuwa nyumba palikuwa na kiwanja kidogo cha udongo mweupe kati ya kuta mbili za majirani, na juu yake mbingu ambayo mtaa ule haujapata kuwa nayo. Mtu alikuwa ameshaanika nguo. Niliegesha, nikashuka, nikazunguka, nikashika mkono wa mlango.

"Mlango wa nini?" alisema shangazi kutoka ndani.

"Nifungue uone."

"Nshaona. Nshamaliza kazi yangu." Akavuta buibui lake vizuri juu ya magoti. "Panda mwanangu, twende zetu. Salha ana mchele jikoni."